Homa ya ini B: mtoto mchanga hasubiri wiki ya sita

"Mama mwenyewe mzima, mtoto ataambukizwaje?" Hilo husikika sana kwenye mabenchi ya kliniki, na ndilo linaloponza kuliko yote. Wengi wenye virusi vya homa ya ini B hawana dalili hata moja. Wanalima, wanauza sokoni, wanabeba mimba bila shida, na bila kipimo cha damu hakuna atakayejua. Virusi humpata mtoto hasa wakati wa kuzaliwa, anapogusana na damu na majimaji ya mama. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvimaliza wenyewe. Kwa watoto wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki navyo, na baadhi yao ini husinyaa au kupata saratani wakishakuwa watu wazima.

"Si atachomwa penta, ile chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja?" Atachomwa, na penta inakinga homa ya ini B. Ila Tanzania na Kenya huanza wiki ya 6, halafu ya 10 na ya 14, wakati virusi vilishapita leba. Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza ya chanjo ya homa ya ini B itolewe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Kwa hiyo mama aliyekutwa navyo aulize mapema kama atakapojifungulia ipo, si uchungu ushaanza. BCG, chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio ya siku za mwanzo havizuii homa ya ini, ingawa ukiiona kadi imejazwa tarehe ni rahisi kudhani yote yamekwisha.

"Basi asinyonyeshe." Anyonyeshe. Kujifungua kwa kupasuliwa kwa sababu hii tu nako hakushauriwi. Mwenye virusi vingi huanzishiwa tenofovir, dawa ya kupunguza virusi, angali mjamzito.

"Kichanga kina macho ya manjano, kimeambukizwa." Hapa majina yanatuchanganya. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, huletwa na mbu. Manjano ya siku ya pili au ya tatu mara nyingi hutokana na ini ambalo halijakomaa. Yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, mkimbize hospitali. Aliyeambukizwa homa ya ini B akizaliwa, kwa kawaida macho yake ni meupe na ananyonya vizuri tu, ndiyo maana hupimwa damu baada ya kumaliza chanjo, anapokaribia mwaka.