Ukienda Kew, Soma Vibao

Watu wakiniuliza waanzie wapi katika bustani ya mimea ya Kew, jijini London, huwaambia waanze na vibao. Bustani ina takriban hekta 130, na anayeizunguka kwa kutazama maua tu hutoka na uchovu wa miguu. Sisi wa fani ya botania tunaiita bustani ya mimea kwa sababu ya kumbukumbu zake: kila mmea una rekodi inayoonyesha ulitoka wapi, nani aliuleta na lini. Kibaoni utakuta jina la kisayansi, familia, nchi ya asili na namba ya usajili. Mara nyingi tarakimu nne za mwanzo za namba hiyo ni mwaka mmea ulipopokelewa.

Ingia kwanza Palm House, jumba la vioo lenye joto na unyevu kama Tanga mwezi Machi. Humo yumo mzee wa nyumba, Encephalartos altensteinii, saikadi (mmea wa kale wenye majani kama ya mnazi) wa ukoo mmoja na mitapo ya pwani yetu. Francis Masson, mkusanyaji mimea wa Kew, aliuchukua Afrika Kusini, ukafika Kew mwaka 1775, na mpaka leo umo ndani ya chungu. Shina lake limeinama na kuwekewa nguzo. Sogea ulitazame: limejaa makovu, na kila kovu ni mahali lilipokuwa jani.

Halafu nenda Temperate House ukaone Encephalartos woodii. Huu huniuma. Mwaka 1895 ulionekana mmoja tu, dume, katika msitu wa Ngoye huko Natal, Afrika Kusini. Kew ilipata wake mwaka 1899. Saikadi wa kiume na wa kike ni mimea tofauti; wa kike hajapatikana kamwe, kwa hiyo mbegu hakuna, na yote iliyopo duniani ni machipukizi ya yule mmoja. Watafiti wamerusha hata droni juu ya Ngoye kumsaka jike, na wanajua pa kutafuta kwa kuwa aliyeukuta wa kwanza aliandika mahali.

Wageni wa kawaida hawaingii hebariamu, ghala la mimea iliyokaushwa. Kwetu ni hazina: mwaka 2012 ilikamilika hapo kazi ya kuainisha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, zaidi ya spishi 12,000. Picha za sampuli nyingi ziko mtandaoni bure. Kabla ya safari, tafuta zilizokusanywa Amani au Lushoto, usome jina la mkusanyaji na tarehe yake.