Kwa Nini Mikoko Mingi Inayopandwa kwa Ruzuku ya Serikali Hufa?

Mwaka 2008 watafiti wa Ufilipino walichapisha tathmini ya miongo miwili ya upandaji mikoko nchini mwao, kazi iliyomeza fedha nyingi za serikali na wafadhili. Miche iliyodumu kwa muda mrefu ilikuwa kati ya asilimia 10 na 20 tu.

Makosa makubwa yalikuwa mawili: mahali na aina. Vidimbwi vya samaki vilivyotelekezwa, ambako mikoko ilikatwa, vina wenyewe au vina mgogoro wa hati. Tope tupu linaloonekana maji yakipwa halina anayelidai, basi miche ikapelekwa huko. Lakini mkoko hauvumilii kukaa majini muda mrefu. Hustawi panapofunikwa kwa chini ya theluthi moja ya muda wote. Ukishushwa zaidi, mwani huuzonga, viumbe wadogo wenye magamba hujigandisha kwenye shina mpaka likaelemewa, na mawimbi humalizia.

Kosa la aina lilitokana na urahisi. Kati ya aina za mikoko, mbegu ya ile inayoitwa mkoko hasa ni ndefu kama fimbo, huokotwa na kuchomekwa moja kwa moja, ilhali mbegu ndogo za mlilana, aina nyingine ya mikoko, hutaka kitalu. Ukanda wa mbele kabisa, unaopigwa na bahari, kwa kawaida ni wa mlilana, si wa mkoko hasa. Mtego huo upo Afrika Mashariki pia, kwa sababu fomu nyingi za ruzuku huuliza idadi ya miche, na haraka ya kutumia fedha huja kwa kuwa mwaka wa fedha wa Kenya na Tanzania hufungwa Juni 30.

Kwa kikundi kinachoandaa andiko la mradi, iwe kwa Mfuko wa Misitu Tanzania, uliowekwa na Sheria ya Misitu ya 2002, au kwingineko, kipimo hiki hakigharimu chochote. Siku ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu), maji yakiwa yamejaa kabisa, pima kina kwenye shina la mche uliojiotea wenyewe karibu na eneo lenu. Saa hiyohiyo mwenzako apime pale mnapokusudia kupanda. Kwa kuwa uso wa maji ni sawa pande zote mbili, kina kikiwa kikubwa zaidi kwenu, mko chini mno. Sogeeni juu, au tafuteni eneo jingine.

Mbegu ya mkoko iokoteni ikiwa na pete ya manjano chini ya tunda. Ya kijani tupu bado changa. Chomekeni theluthi yake ardhini, ncha chini. Nafasi ya mita 1 kwa 1 hula miche 10,000 kwa hekta. Mita 2 kwa 2 hula 2,500.

Bajeti ndiyo hukosewa zaidi. Wengi huandika mbegu, viriba, posho za siku ya kupanda na fulana, basi. Wekeni fungu la upimaji kabla ya kupanda, fungu la kurudishia miche iliyokufa, na fungu la kuhesabu baada ya miezi 3, 6, 12 na 24. Pimeni viunzi, yaani vipande vya mraba vya kuhesabia, vya mita 10 kwa 10: kwa nafasi ya mita 1 kila kiunzi kina miche 100, hivyo iliyo hai ndiyo asilimia yenyewe. Ruzuku ikitolewa kwa awamu, hesabu hiyo, pamoja na stakabadhi, ndiyo ya kuambatisha mnapoomba awamu inayofuata. Na kibali kitangulie: misitu ya mikoko ya Kenya imekuwa msitu wa serikali tangu 1932, na ya Tanzania Bara husimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Kwenye shamba la chumvi lililoachwa, huenda msihitaji mche hata mmoja. Bomoeni tuta sehemu palipokuwa na mkondo wa zamani, maji yaingie na kutoka, na mbegu zitaletwa na bahari kama kuna miti mama karibu. Kazi hiyo fomu ya kuhesabu miche haina mahali pa kuiandika, kwa hiyo ielezeni kwa hekta zilizorudishiwa maji, na mwombeni ofisa wa mfuko akubali kipimo hicho kabla ya kusaini mkataba.