Mimea ya Majani Manene Inapochanua: Nini Kifanyike na Nini Kiachwe

Mimea ya majani manene, yaani ile inayojiwekea akiba ya maji kwenye majani, shina au mizizi yake, imeenea sana katika vibaraza na bustani za Dar es Salaam, kwa kuwa haimsumbui mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Matatizo mengi yanayoletwa kwetu kuihusu huanza pale inapotoa maua. Mwenye mmea, kwa furaha, huongeza maji, huongeza samadi, kisha huuhamishia sebuleni ili wageni wauone. Baada ya muda mfupi matumba yanapukutika na shina linaanza kulainika. Ushauri wetu ni kwamba katika kipindi hiki mmea uachwe mahali ulipo, na uendelee kupata kile kile ulichokuwa ukipata.

Tuanze na waridi la jangwani, ambalo ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki na huuzwa na karibu kila muuza maua wa barabarani jijini. Mmea huu hutaka jua kali la angalau saa 6 kwa siku, na ukiondolewa juani ukiwa na matumba, huyaangusha kabla hayajafunguka. Mwagilia hadi maji yatoke chini ya chungu, kisha usimwagilie tena mpaka udongo ukauke. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili, na ukihisi unyevu, subiri. Maji yaelekezwe kwenye udongo, si juu ya maua, kwa sababu petali zilizolowa katika hewa yetu yenye unyevunyevu hupata madoa ya kahawia na ukungu haraka. Shina lililovimba chini libonyezwe mara kwa mara: likiwa gumu, mmea uko salama, likibonyea kidogo wakati udongo ni mkavu, una kiu, likibonyea huku udongo umelowa, mizizi imeanza kuoza na mmea ung'olewe siku hiyo hiyo, sehemu iliyooza ikatwe, na jeraha liachwe likauke kivulini kwa siku kadhaa kabla ya kupandwa upya.

Hatari kubwa kwa Dar es Salaam ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei mvua hunyesha mfululizo, na chungu kilichoachwa wazi hakipati nafasi ya kukauka. Kisogezwe chini ya ukingo wa paa, upande ule ule unaopata jua, badala ya kuingizwa ndani. Udongo wenyewe uwe na mchanga wa mto na kokoto ndogo kwa kiasi kikubwa. Mchanga wa ufukweni haufai, kwa kuwa una chumvi. Sahani ya chini ya chungu nayo imwagwe kila baada ya kumwagilia, na hili halihusu mizizi peke yake: mbu anayeeneza homa ya dengue, ambayo ililipuka jijini mwaka 2014 na tena 2019, hutaga katika maji machache kama hayo.

Kuhusu mbolea maneno ni machache. Samadi mbichi na mbolea yenye naitrojeni nyingi hukuza majani na kuchelewesha maua, kwa hiyo lisha mmea kabla ya msimu wa kuchanua, kidogo, kisha acha.

Kalankoe, yenye asili ya Madagaska, ina sharti lake la pekee: hutengeneza matumba pale usiku unapokuwa mrefu, na giza hilo lisikatizwe. Ndiyo maana mmea wenye afya kabisa unaweza kukaa mwaka mzima bila ua moja kwa sababu umewekwa chini ya taa ya ulinzi inayowaka hadi asubuhi. Kuusogeza upande wa nyumba usiofikiwa na taa hiyo hugharimu kidogo kuliko mbolea yoyote.

Mkonge na jamaa zake wa mapambo ni habari nyingine, na hapa wengi hulaumiwa bure. Mmea huu hukua kwa miaka mingi, hutoa mlingoti mrefu wa maua mara moja tu, kisha hufa. Hakuna maji wala dawa ya kuuzuia usife, na kuukata mlingoti hakuuokoi. Kinachofaa ni kutunza machipukizi ya pembeni na miche midogo inayoota kwenye mlingoti baada ya maua kudondoka. Miche ya namna hiyo isidharauliwe: zao la mkonge nchini lilianza mwaka 1893 kwa miche 62 iliyosalimika kati ya 1,000 aliyoagiza Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani. Mshubiri, kinyume chake, huchanua tena na tena. Kata tu bua lililokauka, na ukiwaona ndege waitwao chozi wakifyonza maua yake, usipulize dawa ya wadudu.

Maua yakishaisha ndipo waridi la jangwani hupogolewa, kwa sababu maua hutoka kwenye ncha za matawi, na tawi lililokatwa huchipua ncha zaidi ya moja. Vaa glavu: utomvu wake ni sumu inayodhuru moyo, na katika sehemu mbalimbali za Afrika umetumika kupaka mishale. Watoto wasiachwe karibu na matawi yaliyokatwa. Ikiwa ua limeshika mbegu, yatatokea maganda mawili yaliyochongoka kama pembe. Yafunge kwa uzi mapema, kwani yakipasuka, mbegu zenye manyoya ncha zote mbili hupeperushwa na upepo wa bahari. Zipande zikiwa bado mpya, zikiwa zimelazwa juu ya mchanga wenye unyevu na kufunikwa kidogo.