Maana ya ugumu wa springi, kabla hujaagiza koilova

Ugumu wa springi ni uzito unaotakiwa ili springi ibonyee kwa kipimo fulani. Springi za Kijapani, ambazo ndizo nyingi zinazotufikia Unguja, huandikwa kilo kwa milimita. Springi ya 6 hubonyea milimita moja kwa kila kilo 6 unazoitwisha; ukiitwisha kilo 60 itabonyea milimita 10. Wajerumani huandika nyutoni kwa milimita, Wamarekani ratili kwa inchi, kwa hiyo 6 ya Kijapani ni kama 59 ya Kijerumani na 336 ya Kimarekani. Ukinunua mtandaoni angalia kwanza ni kipimo gani, maana namba tupu haisemi kitu.

Namba hii ndiyo inayoulizwa kwanza na mtu anayetaka koilova, yaani springi na shokapu zilizofungwa pamoja, zenye uzi wa kupandisha na kushusha gari. Na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Kijana mwenye Toyota Altezza husikia kwamba gari za mashindano zinafungwa springi za 14, basi 6 akaiona ya wazee. Ugumu ameufanya daraja la ubora, na sivyo ulivyo. Springi haina ubaya wala uzuri mpaka ujue inabeba nini na inapita wapi.

Tuanze na inabeba nini. Altezza RS200 ina kilo 1,360 hivi. Gawa kwa magurudumu manne, toa uzito wa rimu, tairi na breki ambao springi haiubebi, zinabaki kama kilo 300 kila pembe. Mhandisi hapo haulizi springi ni ngumu kiasi gani. Anauliza bodi itapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde ikiachiwa icheze yenyewe. Gari ya kawaida ya familia hucheza mara moja hadi moja na nusu. Gari ya michezo ya barabarani hufika karibu mara mbili. Gari ya uwanjani isiyo na mabawa ya kuikandamiza chini huenda mbili hadi mbili na nusu, na zenye mabawa hupita tatu. Kwa kilo zetu 300, mara moja na nusu inataka ugumu wa 2.7 kwa kipimo cha Kijapani, mara mbili inataka 4.8, na mbili na nusu inataka 7.5.

Lakini ugumu huo ni wa pale kwenye gurudumu, si ule ulioandikwa kwenye springi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mbele ya Altezza springi imekaa juu ya mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na bodi, karibu na bodi kuliko lilipo gurudumu. Gurudumu likipanda milimita 10, springi haibonyei zote 10. Tuseme inabonyea 7. Uwiano huo wa 0.7 unajizidisha wenyewe, unatoa 0.49, kwa hiyo springi ya 10 hufika gurudumuni ikiwa na nguvu ya 4.9 tu. Kwenye Subaru Impreza ya zamani, shokapu imesimama na gurudumu lake, springi hutembea karibu sawa nalo, na 10 ile ile inafika ikiwa 9 na zaidi. Ndiyo maana namba ya gari ya rafiki yako haikufai, hata kama gari zenu zina uzito mmoja.

Sasa inapita wapi. Uwanja wa Silverstone kule Uingereza, ambako baadhi ya ndugu zetu wa ughaibuni hulipia siku ya kuendesha, ni kilomita 5.891 za lami iliyolala vizuri. Huko tairi inashika sana, gari inalemea upande kwenye kona na kuinama pua kwenye breki, na kila inapolala tairi hukanyaga kwa ukingo badala ya uso mzima. Springi ngumu inazuia hayo, na lami laini haidai kitu kikubwa badala yake.

Unguja na Pemba hakuna uwanja wa lami wa namna hiyo. Tulichonacho ni matuta, mengine yamewekwa kwa sababu nzuri kabisa, kama yale ya Jozani yanayowalinda kima punju. Na tuna mashimo ya baada ya masika. Chukua springi yenye ugumu wa 7.5 gurudumuni: kilo 300 zimeibonyeza milimita 40 tu. Gurudumu likikuta shimo la inchi mbili, springi inamaliza kufunguka kabla tairi haijafika chini. Tairi iliyo hewani haikati kona wala haifungi breki. Ya 2.7 imebonyea milimita 111, kwa hiyo ina akiba ya kulifuata shimo, mradi shokapu nayo iwe na urefu wa kutosha. Kwa hiyo kwenye barabara mbovu gari ngumu inakuumiza mgongo na pia inashika vibaya zaidi.

Springi peke yake haijui kutulia. Ukiifunga ngumu juu ya shokapu za zamani, gari hupanda na kushuka kama dau lililotia nanga wakati wa kusi. Kazi ya shokapu ni kuichukua nguvu ile, kuyasukuma mafuta yapite kwenye matundu membamba, na kuimaliza kwa joto. Ndiyo maana shokapu dhaifu uwanjani huanza vizuri na kulegea baadaye: mafuta yamepata moto na kutoa povu. Shokapu za mrija mmoja, ambazo Bilstein ilianza kuziuza kwa Mercedes-Benz mwaka 1957, hutenga gesi na mafuta kwa pistoni, hivyo povu halina nafasi, na joto hutoka moja kwa moja kwenye ukuta wa mrija. Lakini ukuta huo ukipigwa jiwe ukabonyea, shokapu imekwisha. Ya mirija miwili ingevumilia.

Jambo la kuelewa kuliko yote kwenye shokapu ni mwendo wa pistoni, na mwendo huo hauna uhusiano na spidomita. Kona ndefu kwa kilomita 140 kwa saa, pistoni inatembea polepole, bodi inalala taratibu. Tuta la Bububu kwa kilomita 20, pistoni inaruka. Shokapu nzuri hukaza kwenye mwendo wa polepole na kufungua njia ya mafuta kwenye mwendo wa haraka. Hiyo ndiyo unayoilipia pesa nyingi, si rangi ya dhahabu. Koilova nyingi za bei rahisi zina kliki 32 za kuzungusha, na zote zinakaza kila kitu kwa pamoja. Ningechukua shokapu isiyo na kliki hata moja iliyopimwa kwa springi yake, kuliko hizo.

Kuhusu kushusha gari, zipo koilova za aina mbili. Moja hushusha kwa kuteremsha kiti cha springi. Nyingine ina mguu wa chini unaozunguka peke yake, ukafupisha kipande kizima bila kula safari ya shokapu. Ya pili ndiyo ya kutafuta. Na kwa Impreza na nyingine za mpangilio ule, ukishusha sana mikono ya chini inaelekea juu, na gari inazidi kulala kwenye kona badala ya kupungua. Sentimita mbili au tatu zinatosha.

Kwa mtu anayeshinda barabarani kila siku na kwenda uwanjani mara chache, mimi ningelenga mara 1.8 kwa sekunde, nisizidi mbili. Kulala kunakobaki ningekukabili kwa stabilaiza nene zaidi. Chuma hicho kinaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na hufanya kazi pale moja linapopanda na jingine kushuka. Tuta linapanda kwa magurudumu yote mawili pamoja, kwa hiyo stabilaiza haiongezi ugumu wowote hapo. Shimo la upande mmoja italisikia, hilo halina budi.

Chumvi ya pwani hula uzi wa koilova, na pete inayozunguka kwenye uzi huo ikishika kutu fundi ataipiga patasi. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, paka grisi, fungua na funga tena kila baada ya miezi kadhaa hata kama hubadilishi kitu.

Ukishafunga, vika kamba ya plastiki inayobana kwenye fimbo ya shokapu, isukume mpaka ikae juu ya mrija, kisha endesha kutoka mjini hadi Paje kwa mwendo wako wa kawaida. Pale kamba iliposukumwa ndipo shokapu ilipofika. Ikiwa imegota kwenye raba ya juu, gari imeshuka mno au springi ni laini. Ikiwa imebaki nusu ya fimbo haijaguswa na mgongo unakuuma, springi uliyouziwa ni ya barabara nyingine.