Miezi Tisa Baada ya Lokdauni: Dhana Potofu Kuhusu Uzazi

Machi 2020, korona ilipoanza kuleta lokdauni, yaani amri za kufungia watu ndani, hata kabla watu hawajazoea kuvaa barakoa, utani ulishaanza kuzunguka kwenye WhatsApp: wakunga wasiombe likizo ya Desemba. Wengine waliuchukulia kama utani tu, wengine wakauandikia makala nzito zenye michoro. Sasa takwimu za miaka ile zimeshatoka, na nyingi zinakwenda kinyume na tulivyoambiana.

Dhana: Watu wakifungiwa ndani, wodi za wazazi zitafurika

Italia ilikuwa nchi ya kwanza Ulaya kufungia raia wake nchi nzima, tarehe 9 Machi 2020. Hesabu miezi tisa, utaangukia Desemba. Desemba hiyo watoto waliozaliwa Italia walipungua kwa asilimia 10 hivi, ukilinganisha na Desemba ya mwaka uliotangulia. Ufaransa, Januari 2021, upungufu ulikuwa asilimia 13. Hispania ulifika karibu asilimia 20. Marekani nako Desemba 2020 ilishuka kwa asilimia 8 hivi. Wodi hazikufurika, zilipwaya.

Utani ule ulidhani kwamba kinachowazuia watu wazima kupata watoto ni kukosa muda wa kuwa pamoja. Wenye ndoa wa Milano, Italia, muda walikuwa nao tele. Walichokosa ni uhakika kwamba mshahara wa mwezi ujao utaingia, kwamba hospitali itakuwa na nafasi, kwamba bibi wa mtoto ataweza kuja kusaidia kulea bila kuhatarisha uhai wake. Mtu anayepanga uzazi, akikosa uhakika, husogeza mbele.

Kuna na mambo ambayo hayazungumzwi sana. Mwaka 2019 Italia ilifungisha ndoa zipatazo 184,000. Mwaka 2020 zikawa chini ya 97,000, yaani karibu nusu yake. Kumbi zilifungwa, makanisa yakasitisha sherehe, na katika nchi ambako wengi bado hutanguliza ndoa, harusi iliyoahirishwa ni mtoto aliyeahirishwa. Kliniki za kupandikiza mimba nazo zilisitisha huduma katika nchi nyingi tangu Machi, na wanawake wanaozitegemea ni wale ambao umri hauwasubiri. Kijana wa miaka ishirini na kitu aliyerudi kukaa kwa wazazi wake baada ya kupoteza kibarua, huyo hata sina haja ya kumwelezea.

Dhana: Lakini umeme ulipokatika Unguja, watoto waliongezeka

Hili si la kudharau, kwa sababu ni kweli.

Mei 2008 kulitokea hitilafu katika njia ya umeme unaotoka Bara kupitia chini ya bahari, na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima, hadi katikati ya Juni. Wenye uwezo na mahoteli makubwa waliwasha jenereta. Wengine walirudi kwenye vibatari na mishumaa, na kwa kuwa pampu za maji zilisimama, ndoo zikarudi kichwani. Mchumi Alfredo Burlando baadaye alichambua kumbukumbu za vizazi Zanzibar akakuta ongezeko la wazi la watoto kati ya miezi 8 na 10 baada ya giza lile. Kinachonivutia zaidi ni alichokikuta vijijini. Vijiji vyenye umeme vilipata ongezeko linalofanana, viwe na nyumba nyingi zilizounganishwa au chache tu. Vijiji visivyo na umeme kabisa havikubadilika. Maana yake, ndani ya vijiji vyenye umeme, hata nyumba ambayo haikuunganishwa iliguswa. Nadhani ukiwa unajua jioni ya kijiji cha Unguja hushangai: televisheni ya jirani ikizimika na maskani ikibaki giza, mtu anarudi nyumbani saa mbili badala ya saa nne.

Ila mwezi mmoja wa giza na miezi kadhaa ya janga ni vitu viwili tofauti. Giza lilipunguza kipato cha baadhi ya watu, lakini halikuwa ugonjwa wa kuua, na kila mmoja alijua mafundi wako kazini. Watafiti wa Marekani waliofuatilia vimbunga waliona jambo hilo hilo: tahadhari ya dhoruba ndogo hufuatiwa na ongezeko dogo la watoto, tahadhari ya kimbunga kikali hufuatiwa na upungufu. Usumbufu mdogo huwaweka watu pamoja, lakini hofu kubwa huwafanya wasite.

Na si kila giza huleta watoto. Umeme ulipokatika New York usiku wa tarehe 9 Novemba 1965, magazeti ya Agosti 1966 yaliandika kwamba hospitali zimejaa. Mwaka 1970 mtafiti wa idadi ya watu Richard Udry alichapisha hesabu za jiji zima, na hakukuta ongezeko lolote la kutajika. Uvumi ule hadi leo unasimuliwa kama historia.

Dhana: Hayo ni ya Wazungu, nchi maskini lazima watoto wangeongezeka

Hoja hii ina mantiki yake. Zahanati zikifungwa, vidonge havifiki. Chukua mama anayetumia sindano ya miezi mitatu: tarehe iko kwenye kadi yake, lakini tarehe hiyo imeangukia siku ambazo matatu ni za shida, na mhudumu wa kituo ameambiwa apokee wagonjwa wa dharura tu. Wiki kadhaa zikipita, kinga imelegea. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, lilikadiria Aprili 2020 kwamba miezi sita ya vizuizi ingeleta mimba milioni 7 zisizotarajiwa. Mwaka mmoja baadaye likashusha makadirio hadi milioni 1.4. Si haba, maana kila moja ina mwenyewe, lakini ni moja ya tano ya hofu ya mwanzo. Huduma zilirudi mapema kuliko ilivyodhaniwa.

Ufilipino ndiko dhana hii ilikoanguka vibaya. Kisiwa cha Luzon, pamoja na Manila, kilifungwa katikati ya Machi 2020, na vizuizi vya nchi hiyo vilikuwa miongoni mwa virefu na vikali duniani. Wataalamu wa huko, pamoja na tume ya taifa ya idadi ya watu, walitabiri watoto zaidi ya 200,000 wa ziada wasiopangwa. Vyombo vya habari vya dunia vikaichukua habari ile. Kilichotokea: mwaka 2019 vizazi vilivyosajiliwa vilikuwa milioni 1.67, 2020 vikawa milioni 1.53, 2021 vikashuka hadi milioni 1.36. Ukisema labda watu hawakusajili watoto, utafiti wa kaya wa 2022 nao ulikuta wastani wa watoto kwa mwanamke umeshuka hadi 1.9, kutoka 2.7 mwaka 2017. Kumbe mwanamke wa Manila aliyekosa vidonge naye alikuwa amekosa kazi, na alikuwa akifanya hesabu zile zile za mwanamke wa Milano.

Kwetu tunao mfano mzuri ambao hatuutumii. Kenya iliweka kafyu ya usiku na kufunga mipaka ya baadhi ya kaunti. Tanzania ilifunga shule kwa miezi michache, lakini maisha mengine yaliendelea bila lokdauni. Wastani wa watoto kwa mwanamke Kenya ulikuwa 3.9 mwaka 2014 ukawa 3.4 mwaka 2022. Tanzania ulikuwa 5.2 katika utafiti wa 2015-16, ukawa 4.8 mwaka 2022. Ungenionyesha namba hizi bila majina ya nchi, nisingeweza kukuambia ni ipi iliyokuwa na kafyu.

Dhana: UNICEF walisema watoto milioni 116 watazaliwa kwa sababu ya korona

Walisema watazaliwa katika miezi tisa ya janga. Idadi hiyo ni ya kawaida tu kwa dunia nzima. Onyo lilikuwa juu ya hospitali zilizoelemewa, si juu ya wingi wa watoto.

Dhana: Basi kama jumla haikupanda, hakuna aliyeathirika

Hapa ndipo ninapokosana na wanaopenda namba za taifa peke yake.

Juni 2020 Kenya nzima ilishtuka kusikia kwamba wasichana karibu 4,000 wa Machakos wamepata mimba wakati shule zimefungwa. Hesabu ile ilianzia Januari, wakati shule ziko wazi, na kipindi hicho hicho cha 2019 idadi ilikuwa kubwa zaidi. Wanaoelewa takwimu waliisahihisha, wengi tukafunga mjadala.

Tuliufunga mapema mno. Watafiti waliokuwa tayari wanawafuatilia wanafunzi wa sekondari huko Siaya, magharibi mwa Kenya, waliwalinganisha wasichana waliomaliza kabla ya janga na wale waliokaa nyumbani takriban miezi sita. Kundi la pili lilikuwa na hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na hatari mara tatu ya kuacha masomo. Uganda, ambako shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, walimu waliporudi walikuta madawati ya wasichana yana mapengo.

Kwa hiyo ndani ya miezi ile ile, mwanamke mwenye kauli juu ya mwili wake aliahirisha, na binti asiye na kauli akabeba. Ukijumlisha wawili hao unapata namba tulivu ya taifa.

Dhana: Lokdauni ndiyo iliyoua uzazi wa China na Italia

China ilikuwa na vizazi milioni 14.65 mwaka 2019, baada ya kushuka miaka mitatu mfululizo. Mwaka 2022 vilikuwa milioni 9.56. Vizuizi virefu vilichangia, hasa kwa kuchelewesha ndoa, lakini mteremko ulishaanza. Italia vilevile: kutoka 420,000 mwaka 2019 hadi 405,000, kisha 400,000, na 2022, amri za kufungia watu zikiwa zimeshakwisha, 393,000.

Norway ilikwenda njia yake. Vizazi vilipanda kutoka karibu 53,000 mwaka 2020 hadi 56,000 mwaka 2021, katika nchi ambako likizo ya uzazi ina malipo na aliyesimamishwa kazi alilipwa na serikali. Mwaka uliofuata vikashuka hadi 51,500 hivi, chini ya pale vilipoanzia.