Kilo zimepanda, lakini mafuta yamekaa wapi?

Kwenye kliniki za CTC, yaani za huduma na matibabu ya VVU, hapa Mwanza, swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Mbona nanenepa na chakula ni kilekile?" Kabla sijajibu, naomba tupime kiuno. Mzani hauonyeshi mafuta yamekaa wapi.

Aliyeanza dawa za VVU (ARV) akiwa amedhoofika, virusi vikishashuka hamu ya kula hurudi na kilo hurudi nayo. Huko ni kupona, tena kunafurahisha. Lakini hata walioanza wakiwa na uzito mzuri huongezeka, wanawake zaidi. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha TLD (tenofovir, lamivudine na dolutegravir pamoja), imehusishwa na ongezeko hilo. Isitoshe, efavirenz tuliyoitumia awali iliwazuia baadhi ya watu kunenepa, kwa hiyo aliyehamishwa kutoka kwayo ni kama ameondolewa breki.

Hofu ya mashavu kubonyea na mishipa kutokeza mikononi ni ya enzi za dawa za zamani za VVU: stavudine, na kwa kiasi fulani zidovudine. Dawa hizo ziliharibu seli za mafuta zenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri stavudine iondolewe mwaka 2009, na TLD haina hata moja kati ya hizo.

Sasa kiuno. Futi ya kamba ya fundi cherehani inatosha. Fungua khanga au mkanda, simama wima. Papasa ubavu wa chini kabisa, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga; futi ipite katikati ya hapo, si kwenye kitovu kilichoning'inia. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, ndipo usome. Pima mara mbili, andika pamoja na tarehe. Mwanamke akipita sentimita 80, au mwanaume 94, hatari ya kisukari na presha imeanza kupanda. Kwenye 88 na 102 ni kubwa. Tumbo gumu lisilofinyika ndilo linaloniogopesha zaidi, maana mafuta yake yamezunguka ini na utumbo.

Chakula? Ugali wa muhogo wa kiasi na sato wa mchuzi si tatizo. Tatizo ni mafuta ya kukaangia, ambayo kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na soda: chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai.

Nakusihi, usiruke dozi ili upungue. Virusi vitarudi na usugu dhidi ya dawa utafuata. Hata kubadilishiwa dawa hakuna uhakika wa kuondoa kilo. Ukipewa metformin kwa ajili ya kisukari, mkumbushe daktari kwamba unatumia dolutegravir: dozi ya metformin isizidi miligramu 1,000 kwa siku.

Uzito ukipanda ghafla ndani ya wiki, bonyeza muundi wa mguu kwa kidole, sekunde tano. Shimo likibaki, hayo ni maji, si mafuta. Nenda kituoni siku hiyohiyo, figo na moyo viangaliwe.