Laptopu imegoma kuingia kwenye Wi-Fi ya ofisi: tafuta kwanza imekwama wapi

Nikiambiwa kwamba laptopu ya mtu haishiki Wi-Fi ya ofisi, swali langu la kwanza huwa hili: wenzako waliokaa karibu nawe wanapata? Kama nao hawapati, laptopu yako haina kosa na hakuna sababu ya kuipekua. Tatizo liko kwenye ruta, kwenye seva, au kwa kampuni inayowaletea intaneti. Kama ni wewe peke yako, washa hotspoti ya simu kisha uiunganishe laptopu nayo. Ikishika, umejua kwamba kadi ya Wi-Fi ni nzima na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, inafanya kazi. Jaribio hilo ni la dakika moja tu, na linakuokoa na kazi kubwa ya kuondoa na kurudisha draiva isiyo na hatia.

Nawasihi sana watu wasiguse kitu kabla hawajajua muunganisho umekatikia wapi. Wengi huanza kwa kufuta mtandao, kuzima hiki na kuwasha kile, na mwisho wanabofya kitufe cha kuweka upya mtandao mzima. Katika Windows kitufe hicho huondoa kadi zote za mtandao na kuzisakinisha upya, husahau manenosiri ya Wi-Fi uliyohifadhi, na baada yake huenda ukalazimika kusanidi tena VPN ya ofisi, ile njia ya siri ya kuufikia mtandao wa kazi ukiwa mbali. Zaidi ya yote, ule ujumbe wa hitilafu uliokuwa ukieleza ugonjwa unakuwa umepotea. Kitufe hicho kiwe cha mwisho kabisa.

Laptopu haiingii mtandaoni kwa mkupuo mmoja. Kwanza inalisikia jina la mtandao hewani. Kisha inathibitisha kwamba ina ruhusa ya kuingia. Ikikubaliwa inapewa anwani ya IP, namba inayoitambulisha mtandaoni, na hapo ndipo inaweza kutafuta tovuti kwa majina yake na kutoka nje. Kila hatua ikikwama ina dalili zake, na dalili hizo hazifanani.

Jina la mtandao lisipoonekana kabisa, angalia kwanza hali ya ndegeni na kitufe cha kuzima redio. Laptopu nyingine zina swichi ndogo ubavuni ambayo hubonyezwa bila mtu kujua. Kwenye Linux, amri ya rfkill list itakuambia kama redio imezimwa kwa programu au kwa swichi. Mitandao mingine ikionekana isipokuwa ule wa ofisi, fikiria masafa. Masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi, yale ya 5 GHz yana kasi lakini hudhoofika haraka, na kadi za zamani hazisikii 5 GHz hata kidogo. Masafa ya 6 GHz yanahitaji kadi ya Wi-Fi 6E au mpya zaidi, na kwa upande wa Windows yanahitaji Windows 11. Kuna pia suala la chaneli, yaani vipande vyenye namba ndani ya masafa: kadi iliyowekewa kanuni za Marekani huishia chaneli ya 11 kwenye 2.4 GHz, hivyo ruta ikirusha kwenye chaneli ya 12 au 13 laptopu hiyo haitaona kitu ilhali simu iliyo kando yake inaona. Hapo anayepaswa kubadilisha mpangilio ni msimamizi wa ruta.

Hatua ya uthibitisho ndiyo yenye mambo mengi, na ndiyo inayoitofautisha Wi-Fi ya ofisi na ya nyumbani. Nyumbani kuna nenosiri moja kwa wote. Ofisi nyingi zinatumia mfumo unaomtaka kila mtu aingie kwa akaunti yake, na nyuma ya ruta kuna seva ya RADIUS inayoamua nani apite. Kwa hiyo ukibadilisha nenosiri la akaunti ya kazi, laptopu itaendelea kupeleka lile la zamani lililohifadhiwa na itakataliwa kila mara. Dawa yake ni kuusahau mtandao huo na kuuingia upya. Ila usisahau simu yako! Nayo ina nenosiri la zamani, nayo inajaribu kuingia kimyakimya kutoka mfukoni, na baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindwa seva inaifunga akaunti yako. Unakuta mtu anaandika nenosiri sahihi herufi kwa herufi na bado anakataliwa, na anayemfungia mlango ni simu yake mwenyewe.

Angalia pia saa na tarehe ya laptopu. Seva ya uthibitisho hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Laptopu ikiamini kwamba tuko miaka kadhaa nyuma, itakiona cheti hicho kuwa bado hakijaanza kutumika na itakikataa. Saa ikirudi nyuma kila unapoizima mashine na kuichomoa kwenye umeme, betri ndogo ya kwenye ubao mama imechoka na inahitaji kubadilishwa. Ikiwa cheti cha seva chenyewe ndicho kimeisha muda, watu wengi watashindwa kuingia siku ileile, na hapo lile swali la wenzako linajibu tena.

Hapa nina ombi la dhati. Laptopu ikikuonya kwamba haikitambui cheti cha seva, usibofye kukubali ili tu uendelee na kazi. Mtu yeyote anaweza kurusha mtandao wenye jina lilelile la ofisi yenu, na kifaa kinachokubali cheti chochote kinaweza kumkabidhi taarifa za akaunti yako. Waulize kwanza watu wa TEHAMA kama wamebadilisha cheti. Hata wakichelewa kujibu, subiri.

Tukiwa bado hapa, kuna mawili yanayowapata watu baada ya masasisho. Windows 11 toleo la 22H2 la Enterprise na Education huwasha yenyewe Credential Guard, ulinzi wa manenosiri yaliyo ndani ya kompyuta, kwenye mashine zinazokidhi masharti yake, na ulinzi huo huzuia Windows kutumia nenosiri la kuingilia kwenye kompyuta kukuingiza moja kwa moja kwenye Wi-Fi inayotumia MS-CHAPv2, njia ya zamani ya kuthibitisha kwa nenosiri. Ukiona laptopu iliyokuwa ikiingia yenyewe sasa inauliza jina na nenosiri kila asubuhi, huenda ni hilo. Usiizime kinga hiyo; suluhisho la kudumu ni ofisi kuhamia kwenye uthibitisho wa vyeti. La pili ni WPA3, mfumo wa ulinzi wa Wi-Fi unaofuata WPA2, uliotangazwa mwaka 2018. Ruta ikiwekwa ipokee WPA3 peke yake, kadi za zamani huliona jina lakini haziwezi kuingia. Draiva mpya inaweza kusaidia. Isiposaidia, ni kadi mpya au ruta iruhusu WPA2 kwa muda.

Sasa tuseme laptopu inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, na utazame anwani ya IPv4 iliyo chini ya kadi ya Wi-Fi. Ikianza na 169.254, laptopu imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipangia yenyewe. Nenosiri lako halina shida tena, kwa hiyo acha kuliandika upya. Seva ya DHCP inayogawa anwani ama haifikiki ama imeishiwa. Mtandao mdogo wa kawaida una anwani 254, na kila mfanyakazi huja na laptopu na simu. Kuna jambo moja linalozimaliza bila mtu kulifikiria: Windows ina mpangilio wa kubadilisha kila siku anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, kwa ajili ya faragha. Seva ya DHCP ya Windows isipobadilishwa humkodisha mtu anwani kwa siku 8, kwa hiyo laptopu moja inayokuja na MAC mpya kila siku inaweza kushikilia anwani kadhaa kwa pamoja, ikionekana kama vifaa tofauti. MAC hiyo ya kubuni pia hukwama kwenye ofisi zinazoruhusu vifaa vilivyoorodheshwa tu. Utaitambua kwa herufi yake ya pili: ikiwa ni 2, 6, A au E, si ile iliyotoka nayo kiwandani. Zima mpangilio huo kwa mtandao wa kazini peke yake, uuache mahali pengine, maana faida yake ni ya kweli.

Anwani ikiwa nzuri, piga ping, amri inayouliza kama kifaa kingine kinajibu, kwenye ruta, kisha 8.8.8.8 (seva ya Google iliyo nje ya ofisi), kisha jina la tovuti yoyote. Ofisi nyingine huzuia ping kwenda nje, kwa hiyo kimya cha 8.8.8.8 peke yake si ushahidi kamili. Namba zikijibu na majina yasijibu, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, na mara nyingi ni DNS iliyoandikwa kwa mkono zamani ikasahaulika. Vivinjari vikigoma huku ping ikipita, kagua VPN na proksi, yaani seva ya kati ambayo kivinjari huelekezwa kupitia. Na kama ofisi ina ukurasa wa kuingilia usiojitokeza, andika anwani ya tovuti inayoanza na http tupu, kwa sababu ya https haiwezi kugeuzwa njia bila kivinjari kupiga kelele.

Muunganisho unaokuja na kukatika ni hadithi nyingine. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option ubofye alama ya Wi-Fi, nguvu ya mawimbi itaonekana kwa kipimo cha dBm, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: karibu na −50 dBm ni nzuri, −67 inatosha kwa simu za sauti, ukifika −80 sogea. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike netsh wlan show wlanreport. Utapata ripoti ya siku 3 zilizopita yenye kila kuunganishwa, kila kukatika na sababu yake. Sielewi kwa nini chombo kizuri namna hii hakijulikani zaidi.

Ikibidi uwaite watu wa TEHAMA, wapelekee ripoti hiyo, anwani ya MAC, jina la mtandao, hatua ulipokwama na maneno ya ujumbe wa hitilafu kama yalivyo. Ongeza saa ya jaribio la mwisho, iandikwe kama kioo kinavyoonyesha, 09:42, wala si saa tatu na kitu asubuhi. Kumbukumbu za seva ya RADIUS hutafutwa kwa dakika, na kwa dakika hiyo moja fundi ataona kama ombi lako lilifika na kwa nini lilikataliwa.